Paukwa Bila Pakawa: Uhakiki wa Mashirika ya Ndege ya Mtandaoni

Wanafunzi wa fasihi simulizi tumezoeshwa kuuliza maswali mawili mbele ya kila utendaji: fanani ni nani, na hadhira ni nani? Katika makala haya nayapeleka maswali hayo mahali ambapo pengine walimu wetu hawakuyatarajia, yaani kwenye mchezo wa kurusha ndege kwa kompyuta, na hasa kwenye mashirika ya ndege yaliyoanzishwa ndani ya mchezo huo. Nitadai kwamba mchezo wenyewe ni utendaji wa hali ya juu, na kwamba mashirika hayo, ambayo yangepaswa kuukuza, mara nyingi yanaudumaza kwa kuupima kwa kipimo kisicho chake.

Msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu anahitaji maelezo machache. Simuleta ya ndege ni programu inayoiga chumba cha rubani, hewa, ardhi na viwanja. Bruce Artwick alitoa ya kwanza iliyopata umaarufu mwaka 1979 kwa kompyuta za Apple II, na Microsoft wakatoa ya kwao mwaka 1982. Kwa miaka mingi mchezaji aliruka peke yake. Mabadiliko makubwa yalikuja ilipoanzishwa mitandao inayowakutanisha wachezaji: IVAO mwaka 1998, kisha VATSIM mwaka 2001. Uanachama ni bure. Mtu mmoja yuko sebuleni kwake akiwa rubani, mwingine yuko chumbani kwake, labda nchi nyingine, akiwa mwongoza ndege. Wanazungumza kwa sauti, na ndege ya kila mmoja inaonekana kwenye skrini za wengine. Shirika la ndege la mtandaoni ni kikundi kinachojiunda juu ya mitandao hiyo. Linawapa wanachama ratiba, namba za safari, ndege zilizopakwa rangi za kampuni, na vyeo. Hakuna mshahara na hakuna abiria.

Nianze na sifa, maana zipo. Mtu anayejifunza peke yake huruka pale anapopenda na kuacha anapochoka. Shirika humpa sababu ya kumaliza safari. Linamwambia leo utatoka Entebbe kwenda Nairobi, utahesabu mafuta, utasoma hali ya hewa ya kweli ya saa hiyo, utafuata njia iliyopangwa. Nawajua vijana ambao hawakuwahi kuipenda jiografia darasani, lakini leo wanaweza kukuambia upepo unavyogeuka juu ya Ziwa Viktoria na kwa nini ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa kutoka uwanja ulio juu sana kama Goma, ambako hewa ni nyepesi. Hilo si jambo dogo.

Tatizo linaanza pale shirika linapotaka kujua ni nani rubani mzuri. Programu hujificha nyuma ya simuleta na kurekodi kila kitu: saa za safari, mafuta, na hasa kasi ya ndege kushuka kwa futi kwa dakika wakati magurudumu yanapogusa ardhi. Kutokana na hesabu hizo hutolewa alama, na kutokana na saa hutolewa vyeo. Anayeongoza kwa saa huitwa kapteni mkuu. Kati ya mambo yote ya urubani ambayo shirika lingeweza kuyaiga, limechagua kuiga ofisi ya utumishi.

Tazama kipimo cha saa. Mwanachama anayetoka London kwenda Singapore anapata zaidi ya saa kumi na mbili kwa safari moja, nyingi kati ya hizo zikiendeshwa na mtambo wenyewe huku yeye akila chakula cha jioni. Mwenzake anayetoka Goma kwenda Bukavu kwa ndege ndogo anapata chini ya saa moja. Lakini katika muda huo mfupi amepaa kwenye hewa nyepesi, amekwepa milima, amelifuata Ziwa Kivu kwa macho na kujiandaa kutua karibu mara tu baada ya kupaa. Mizani ya shirika inasema wa kwanza ni bora mara kumi na mbili. VATSIM wenyewe wanakataza mtu kuiacha ndege yake bila mwangalizi kwa zaidi ya nusu saa, lakini shirika linalolipa kwa saa linamshawishi mwanachama aende kulala. Na kwa sisi wa huku kuna jambo la ziada: umeme. Ukikatika saa ya tisa ya safari, rekodi inakatika nayo. Kwa hiyo kipimo hiki kinachodai kupima urubani kinapima pia mtaa unaoishi.

Kipimo cha kutua kina kasoro ya aina nyingine. Wachezaji wanapenda kutua kwa ulaini, na picha za video za kutua huko zinasambazwa kama mabao ya mpira. Lakini marubani wa kweli hufundishwa kwamba kwenye njia iliyolowa ndege iguse kwa uthabiti, ili magurudumu yapenye utando wa maji na breki zishike. Ulaini unaotafutwa kwa kuielea njia mpaka nusu yake imeisha ni hatari. Shirika moja nililojiunga nalo, ambalo sitalitaja, lilinikata alama kwa kutua kwa nguvu kiasi katika mvua kubwa Entebbe, na likamsifu mwenzangu aliyegusa kama unyoya karibu na mwisho wa njia. Tulipolalamika tuliambiwa programu haidanganyi. Kweli haidanganyi. Inajibu tu swali iliyoulizwa, na swali lilikuwa baya.

Je, kipimo chake halisi kingekuwa kipi? Hapa ndipo naomba wasomaji wenzangu wa lugha wasogee karibu, kwa sababu kiini cha utendaji huu ni mazungumzo.

Sikiliza redio ya mtandao huo kwa dakika kumi. Mwongoza ndege anaita jina la safari na kutoa agizo: geuka, shuka, badili masafa. Rubani analirudia agizo hilo, kisha anataja jina lake. Asiporudia, au akirudia vibaya, mwongoza ndege anaanza upya. Hakuna hatua inayokamilika mpaka msikilizaji ameitamka. Sisi tunaujua muundo huu. Mtambaji wa ngano anaposema "Paukwa", hadithi haiendi mpaka hadhira ijibu "Pakawa". Fomula ile haina habari yoyote ndani yake. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba upande wa pili upo na uko macho. Rejesta ya redio imechukua kanuni hiyo na kuifanya sheria, tena kwa sababu za damu.

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana ardhini katika ukungu. Watu 583 walikufa. Miongoni mwa sababu zake ilikuwa lugha. Rubani msaidizi wa KLM alitumia maneno ambayo yangeweza kueleweka kwamba ndege ipo tayari kupaa, au kwamba tayari inakimbia ipae. Mwongoza ndege alielewa maana ya kwanza, na ukweli ulikuwa ya pili. Baada ya ajali hiyo neno la Kiingereza "take-off" likawekewa mipaka: linatajwa tu wakati ruhusa yenyewe ya kupaa inapotolewa au kufutwa. Kwingine kote hutumika neno jingine. Ni nadra sana kuona neno moja la kawaida likiondolewa katika mazungumzo ya kila siku ya taaluma nzima kwa sababu utata wake umeua. Anayetaka mfano wa umuhimu wa semantiki kwa rafiki yake anayesoma uhandisi, ampe huo.

Miaka kumi na mitatu baadaye, Januari 1990, ndege ya Avianca iliishiwa mafuta ikisubiri kutua New York, na watu 73 walipoteza maisha. Marubani walikuwa wamesema mafuta yanawaishia, lakini hawakutamka fomula ya kutangaza dharura. Walieleza hali, nao walipaswa kutumia neno. Katika rejesta hii maelezo mazuri hayachukui nafasi ya neno lililokubaliwa.

Kijana anayeruka kwenye mtandao anairithi hazina hiyo yote bila kupanda ndege hata siku moja. Anajifunza kutamka 3 kama "tree", 5 kama "fife" na 9 kama "niner", ili namba zisichanganyike kwenye redio yenye mikwaruzo. Anajifunza kunyamaza mwenzake anapozungumza, na kuomba agizo lirudiwe bila aibu. Haya ndiyo yaliyo bora katika mchezo mzima, na katika mashirika niliyoyapitia hayana hata alama moja. Programu haisikilizi. Rubani aliyeruka bila kusema neno anapata alama sawa na yule aliyejadiliana na waongoza ndege watatu katika saa yenye msongamano.

Athari yake inaonekana wazi tukitazama anga letu. Jioni za Ulaya redio imejaa, na katika tamasha la VATSIM la kuvuka Atlantiki, linalofanyika mara mbili kwa mwaka, kupata nafasi ya kuzungumza ni kama kupata kiti kwenye teksi saa kumi na moja jioni. Huku kwetu, juu ya Entebbe, Kigali au Bujumbura, mara nyingi hakuna mtu mnarani. Kanuni inataka rubani atumie masafa ya pamoja, 122.800, na kutangaza mwenyewe nia yake kwa yeyote aliye karibu. Anatangaza kwamba anaingia njiani, na kimya. Anatangaza kwamba anapaa, na kimya. Ni mtambaji anayesema "Paukwa" katika nyumba tupu, halafu anaendelea na hadithi.

Mtu anaweza kusema kosa si la mashirika. Kuwa mwongoza ndege kunahitaji mafunzo na mitihani chini ya waliotangulia, na huku waliotangulia ni wachache. Intaneti ni ghali. Nakubali. Lakini kuna mzunguko unaojilisha wenyewe: marubani hawaji pasipo na mwongoza ndege, na mwongoza ndege hafungui mnara pasipo na marubani. Mashirika yana wanachama, yana ratiba, na ndiyo pekee yenye uwezo wa kuuvunja mzunguko huo. Yangeweza kutoa alama maradufu kwa safari iliyoongozwa, au kumhesabia mwanachama saa anazokaa mnarani sawa na saa anazoruka. Badala yake yanamlipa mwanachama kwa ukimya.

Linabaki suala ambalo wenzangu wa darasa hunitania nalo: basi na Kiswahili kiruke. Hawajui kwamba kanuni za kimataifa za urubani zinaruhusu. Redio hutumia lugha ya kituo cha ardhini au Kiingereza, na Kiingereza lazima kipatikane kwa anayekihitaji. Wafaransa wanazungumza Kifaransa katika anga la Ufaransa, kwenye mitandao hii kama katika anga halisi. Katika anga halisi la Afrika Mashariki sipendekezi mabadiliko yoyote, maana sauti mbili za lugha mbili kwenye masafa mamoja zina hatari zake. Mtandaoni hafi mtu. Kwa hiyo ndipo mahali pa kujaribu, na anayejaribu atagundua mara moja kwamba kazi ni ngumu kuliko kutafsiri orodha ya istilahi.

Chukua namba tu. "Sita" na "tisa" zina irabu zilezile na konsonanti zilezile, ila konsonanti zimebadilishana nafasi. Kwenye redio yenye mikwaruzo, futi elfu sita na futi elfu tisa ni hatari ya wazi, na kati yake kuna mlima. "Elfu mia tatu" inaweza kusikika kama 1,300 au 300,000. Katika kimo cha ndege ya pili haiwezekani, lakini lugha ya redio haitakiwi kumwachia msikilizaji kazi ya kukisia. Saa nazo zina mtego wake: urubani hutumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu, hivyo saa sita mchana kwetu inaandikwa 0900. Sita na tisa tena!

Namba ndefu zitatatuliwa kwa kutaja tarakimu moja moja, kama rejesta ya Kiingereza inavyofanya kwa sehemu kubwa. Kwa sita na tisa sina haja ya kubuni kitu, kwa kuwa Kiswahili kilishakuwa na neno jingine la 9 kabla ya "tisa" kuenea, nalo ni "kenda". Linaanza na konsonanti ngumu, halifanani na namba nyingine yoyote, na bado limo katika kamusi. Nimelijaribu na wenzangu wawili, mmoja akiwa mnarani na mmoja akiruka pamoja nami kuzunguka Entebbe, katika chumba cha mazungumzo ya kando ili tusimsumbue mtu kwenye masafa. Mwongoza ndege wetu alisema tushuke hadi futi tano-kenda-sufuri-sufuri. Tulimrudia sote wawili, kwa zamu, na hakuna aliyekosea.