Katiba Ghalani: Irokawa Daikichi na Kazi ya Mwanahistoria

Tarehe 27 Agosti 1968, Profesa Irokawa Daikichi na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Tokyo Keizai waliingia katika ghala kuukuu la ukoo wa Fukazawa, kwenye bonde lililo nje ya mji mdogo wa Itsukaichi, magharibi mwa Tokyo. Lilikuwa ghala la kuta nene za udongo, la aina ambayo koo zenye mali Japani zilijenga ili moto usiteketeze vitu vyao vya thamani. Nyumba kubwa ya ukoo ilikuwa imekwisha kutoweka. Ghala lilibaki peke yake, limechakaa, na ndani yake vumbi na makaratasi. Ghorofani, mwanafunzi mmoja aitwaye Arai Katsuhiro akakuta bunda lililofungwa kwa kitambaa. Akalifungua. Ndani mlikuwa na karatasi nyembamba zilizotobolewa na wadudu, na juu yake kichwa cha habari kwa wino wa brashi: Katiba ya Dola ya Japani.

Arai hakushtuka. Katiba ya Meiji, yaani ile iliyotolewa na serikali ya Mfalme Meiji mwaka 1889, inajulikana na kila aliyesoma shule nchini humo, na jina lake rasmi ni Katiba ya Dola Kuu ya Japani. Alidhani ameshika nakala ya katiba hiyo, na kwamba herufi ya "Kuu" imeliwa na wadudu. Ni baada ya kurudi chuoni na kuzisoma karatasi hizo mstari kwa mstari ndipo walipotambua walichokiokota. Katiba ya Meiji ina ibara 76. Hii ilikuwa na ibara 204, na ilikuwa imeandikwa mwaka 1881, miaka minane kabla ya ile ya serikali.

Nataka kuisifu kazi iliyolifikisha bunda hilo mezani, kwa sababu wengi wakisikia kisa hiki husema "bahati" na kuishia hapo. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Irokawa alizaliwa mwaka 1925 Sawara, mashariki mwa Tokyo, na kabla ya siku ile alikuwa amekwisha kutumia miaka mingi akipita nyumba za wakulima na wenyeji wa bonde la Tama, magharibi mwa Tokyo, akiomba kuonyeshwa barua, daftari za madeni na mihtasari ya mikutano ya babu zao. Kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu historia ya fikra za enzi ya Meiji kilitokana na makaratasi ya namna hiyo. Alijua koo zipi zilikuwa na watu waliosoma, nani alimwoa binti wa nani, na nani alichangia fedha za vyama vya siasa. Ghala la Fukazawa lilikuwa katika hesabu zake kabla hajalitia mguu.

Na kuligundua bunda ni mwanzo tu wa kazi. Mwandiko wa brashi wa karne ya 19 huunganisha herufi na kuzikata kiasi kwamba Mjapani msomi wa leo, asiyefundishwa kuusoma, haambulii kitu. Kila karatasi inanakiliwa upya kwa herufi za kisasa. Palipotobolewa na wadudu panaachwa wazi, hapajazwi kwa kubuni. Halafu linakuja swali la mwandishi. Rasimu ilihusishwa na mtu aitwaye Chiba Takusaburo, na katika vitabu vya historia vya wakati ule hapakuwa na mtu wa jina hilo. Irokawa na Arai wakamsaka kupitia daftari za ukazi, barua na makaburi hadi jimbo la Sendai, kaskazini mwa nchi, alikozaliwa.

Maisha waliyoyafukua yananigusa kuliko ya mawaziri wote wa enzi ile. Chiba alizaliwa mwaka 1852 katika familia ya samurai wa daraja la chini. Mwaka 1868, akiwa kijana wa miaka 16, alipigana upande ulioshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanzisha utawala wa Meiji. Baada ya hapo akatangatanga akitafuta elimu: udaktari, dini ya Buddha, Ukristo wa Kiorthodoksi kwa mmisionari Mrusi Nikolai, hisabati. Mwishowe akawa mwalimu wa shule ya msingi Itsukaichi, mji wa soko la mkaa na mbao. Huko akapokewa na Fukazawa Naomaru na mwanawe Gonpachi, matajiri wa kijiji waliokuwa wakinunua vitabu vipya kutoka Tokyo na kuvisomesha wenzao. Chiba alifariki Novemba 1883 kwa kifua kikuu, na umri wake miaka 31. Gonpachi naye akafariki mwaka 1890, hajafika miaka 30. Bunda likabaki ghalani.

Miongoni mwa makaratasi ya Gonpachi kulikuwa na orodha ya mada 63 za kujadiliwa na chama cha elimu cha wanakijiji. Je, bunge liwe na baraza moja au mawili? Adhabu ya kifo ifutwe? Mwanamke anaweza kukalia kiti cha ufalme? Mwanamke aliye mkuu wa kaya apewe haki za kisiasa? Wanachama hao walikuwa wakulima, walimu na wafanyabiashara wadogo wa milimani, katika nchi ambayo mwaka 1880 serikali ilikuwa imewapiga marufuku walimu kuhudhuria mikutano ya siasa. Walikaa usiku wakayabishania hayo. Vyama vya namna hiyo vilikuwapo nchi nzima, kwani harakati ya kudai bunge iliwataka wanachama wake watayarishe rasimu za katiba kwa ajili ya mkutano wa mwaka 1881.

Rasimu yenyewe haikuwa ya kimapinduzi kila mahali. Inamwachia Mfalme madaraka makubwa, na sehemu yake inafuata rasimu ya chama kimoja cha wasomi wa Tokyo. Lakini ukifika kwenye haki za raia, mkono wa Chiba unaonekana. Uhuru wa mtu hauruhusiwi kuvurugwa na yeyote, na sheria ya nchi inapaswa kuulinda. Serikali isiingilie utawala wa wenyeji, kwa kuwa kila sehemu ina mila na desturi zake. Makosa ya kisiasa yasihukumiwe kifo. Elimu ya msingi ni wajibu ambao mzazi hawezi kuukwepa, ila kinachofundishwa na namna ya kukifundisha kiwe huru. Ibara hiyo iliandikwa na mwalimu aliyeshika chaki, tena chini ya serikali iliyokuwa ikimfunga mdomo.

Mwaka 1968 haukuwa mwaka wowote tu. Ilikuwa miaka 100 tangu kuanza kwa utawala wa Meiji, na mwezi Oktoba serikali ya Waziri Mkuu Sato Eisaku ilifanya sherehe kubwa Tokyo kuisifu karne ya maendeleo: reli, viwanda, jeshi, kisha uchumi ulioinuka baada ya vita. Irokawa na wanafunzi wake walikwenda ghalani wakati sherehe hizo zikiandaliwa, kwa nia ya kuitafuta Meiji nyingine iliyosahauliwa na watayarishaji wa sherehe. Walipotoka nayo, hoja moja kongwe ikayumba. Kwa muda mrefu watu walisema, na wengine bado wanasema, kwamba demokrasia ya Japani ni zawadi ya Wamarekani, imeletwa na katiba iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947. Baada ya Itsukaichi usemi huo haukai sawasawa. Katiba ya 1947 iliandikwa chini ya jeshi la wageni, hilo halikanushiki. Lakini mambo mengi yaliyomo yalikuwa yamekwisha kuwazwa na kuandikwa na Wajapani wenyewe, kijijini, miaka 66 nyuma. Mwezi Oktoba 2013, Malkia Michiko, katika maelezo yake ya siku ya kuzaliwa, aliitaja rasimu ya Itsukaichi kwa heshima, na kwa siku kadhaa nchi ikalizungumza jina la mwalimu aliyekufa akiwa hajulikani.

Irokawa mwenyewe hakutokea upande wa wenye raha. Aliingia Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1943, akachukuliwa kuwa askari wa majini pamoja na wanafunzi wengine wa kizazi chake, na wenzake wengi hawakurudi. Baada ya kuhitimu mwaka 1948 alikwenda kufundisha shule ya kijiji cha milimani katika mkoa wa Tochigi badala ya kutafuta cheo mjini. Naamini hapo ndipo ilipoanzia imani yake kwamba historia ya taifa haitoshi ikiandikwa kutoka mji mkuu peke yake. Yeye pamoja na wenzake kama Yasumaru Yoshio na Kano Masanao walijenga mkondo wa historia ya watu wa kawaida, wakiachana kwa mpigo mmoja na historia ya wakubwa na ile ya nadharia kavu, ambamo mkulima alihesabiwa kama tabaka bila kuulizwa aliwaza nini.

Walikosolewa, na ukosoaji haukuwa bure. Wapo waliosema Irokawa anawapenda wanakijiji wake kupita kiasi, hata anasahau kwamba kijiji hicho hicho kilikuwa na wakopeshaji na wadaiwa. Ila aliwaandika wadaiwa pia. Baada ya serikali kubana fedha kuanzia mwaka 1881, bei ya hariri iliporomoka na wakulima wa magharibi mwa Tokyo wakazama katika madeni. Mwaka 1884 wakaunda vyama vya wenye shida, na katika wilaya ya Chichibu wakashika silaha. Irokawa alifuata nyayo za watu hao kwa bidii ile ile aliyomfuatia Chiba. Mahali ambapo mapenzi yake yalizidi ushahidi, wanafunzi wake walikuwa na karatasi zile zile mbele yao na waliweza kumpinga. Hiyo ndiyo heshima ya kazi hii: msomi anaacha ushahidi wake mezani.

Kuanzia mwaka 1976 alielekea kusini, Minamata. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kimemwaga majitaka yenye zebaki kwenye bahari ya Shiranui kwa miaka mingi. Sumu ikaingia ndani ya samaki, paka wa wavuvi wakapagawa, kisha wavuvi na watoto waliozaliwa wakapooza. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi Mei 1956, lakini serikali ilikubali hadharani chanzo chake Septemba 1968, mwezi mmoja baada ya ghala la Fukazawa kufunguliwa. Mwandishi Ishimure Michiko, mwenyeji wa huko, alimwomba Irokawa alete wataalamu. Akaunda kundi la watafiti, akiwamo mwanasosholojia Tsurumi Kazuko, na kwa miaka kadhaa wakawa wanakwenda pwani hiyo kuwasikiliza wagonjwa na majirani zao: nani alihamia lini, nani alifanya kazi kiwandani huku mjomba wake akiugua, jinsi kijiji kilivyogawanyika kwa ajili ya fidia. Taarifa yao ilitoka mwaka 1983. Sisi wa Afrika Mashariki tunahusika na jina hilo. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliotiwa saini Japani mwaka 2013, unaitwa Mkataba wa Minamata, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na Chunya hadi leo hukamatia dhahabu kwa madini hayo hayo.

Kilichoniunganisha zaidi na mtu huyu ni kitabu chake cha mwaka 1975, ambamo aliiandika historia ya Showa, enzi aliyoishi, kwa kuchanganya matukio ya nchi na maisha yake mwenyewe. Alisema kwa kitendo kwamba mwanahistoria naye ni shahidi, na anapaswa kuhojiwa kama mashahidi wengine. Katika kitabu hicho alimpa nafasi kubwa Hashimoto Yoshio, mzee wa Hachioji, mji wa wafanyabiashara wa hariri usio mbali na Itsukaichi, aliyewahimiza akina mama wa nyumbani, wakulima na mafundi waandike maisha yao bila kuogopa kuandika vibaya. Baada ya hapo kuandika historia ya nafsi kukaenea Japani. Maelfu ya wazee wasio wasomi wakachapisha vijitabu vyao kwa fedha zao. Sijui profesa mwingine aliyewapa watu kalamu yake kwa ukarimu wa namna hiyo.

Irokawa alifundisha Tokyo Keizai hadi alipostaafu mwaka 1996, na alifariki Septemba 2021 akiwa na miaka 96. Arai, kijana aliyedhani wadudu wamekula neno, akawa profesa wa historia na akaendelea kumwandika Chiba kwa miaka 50. Kitabu cha Irokawa kuhusu utamaduni wa enzi ya Meiji kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1985, chini ya usimamizi wa Marius Jansen wa Chuo Kikuu cha Princeton. Anayesomea historia katika vyuo vyetu akitafute. Aanze na kurasa zinazohusu Itsukaichi, kisha aende akaombe kuonyeshwa makaratasi ya chama cha ushirika cha kijijini kwao kabla hayajachomwa moto.