Hodi Isiyo na Mwenyeji: Santuri ya Voyager na Suala la Hadhira katika Sanaa Shirikishi

Imekuwa desturi katika uhakiki wa fasihi simulizi kuitambua sanaa hiyo kwa alama moja kuu, nayo ni kuwepo kwa hadhira. Fanani husema na hadhira huitikia. Kitendawili hakitegwi mpaka mtu aseme “Tega!”, na hadithi haianzi kabla ya wajukuu kuujibu mwito wa “Paukwa” kwa “Pakawa”. Kauli hiyo imerudiwa mara nyingi kiasi kwamba husemwa siku hizi bila kupimwa. Makala haya yanakusudia kuipima kwa kuiweka mbele ya kazi ambayo haina baraza, haina usiku wa hadithi, wala haina mtu wa kuitikia. Kazi hiyo ni santuri mbili za shaba iliyopakwa dhahabu, zenye maandishi yaleyale ya sauti, ambazo Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilizifunga ubavuni mwa vyombo viwili: Voyager 2, kilichorushwa tarehe 20 Agosti 1977, na Voyager 1, kilichorushwa tarehe 5 Septemba mwaka huohuo.

Kamati iliyoiandaa santuri hiyo iliongozwa na Carl Sagan wa Chuo Kikuu cha Cornell, na ndani yake walikuwemo mtaalamu wa falaki Frank Drake, mchoraji Jon Lomberg, na waandishi Ann Druyan na Timothy Ferris. Ndani ya santuri mna salamu za lugha 55, sauti za dunia kama vile mvua na ngurumo, vipande 27 vya muziki vyenye urefu wa dakika 90 hivi, na picha zaidi ya mia moja zilizogeuzwa kuwa sauti ili zipate kuchongwa katika mifereji ya santuri.

Wengi walioijadili kazi hii wameichukulia kuwa hazina au makumbusho, na mabishano yao yamekuwa juu ya kilichotiwa na kilichoachwa. Ikipimwa kwa kipimo hicho, haina budi kushindwa, kwa kuwa hakuna vipande 27 vya muziki vinavyoweza kuusimamia muziki wa binadamu wote, hasa pale ambapo Bach peke yake amepewa vitatu na Beethoven viwili. Lakini kipimo hicho si chake. Santuri hii haikupelekwa ili itazamwe. Ilipelekwa pamoja na kichwa cha kuchezea na sindano yake, bila mashine ya kuizungusha. Anayeipata hapewi kitu cha kusikiliza. Anapewa kazi ya kufanya, na asipoifanya anabaki na bamba la chuma linalong’aa. Kwa sababu hiyo kazi hii ni ya jamii ile ya sanaa inayoitwa shirikishi, ambamo mpokeaji huwa mmoja wa watendaji na kazi haikamiliki bila mkono wake.

Sehemu inayoonyesha jambo hili kwa ukamilifu ni kifuniko. Hapo ndipo sayansi na sanaa zilipokutana hasa, na ni ajabu kwamba wahakiki wa muziki na wa lugha hukipita upesi mno. Kifuniko ni cha alumini, na juu yake mna michoro michache isiyo na neno hata moja. Upande wa kushoto juu imechorwa santuri yenyewe na sindano ikiwa mahali pake pa kuanzia. Kuizunguka kuna alama za namba zinazoeleza kwamba mzunguko mmoja uchukue sekunde 3.6. Lakini ni sekunde gani, kwa kiumbe asiyeijua saa ya binadamu? Jibu limewekwa pembeni kabisa, upande wa kulia chini, katika mchoro mdogo wa atomu mbili za haidrojeni. Badiliko moja la hali ya atomu hiyo lina muda wake usiobadilika, sehemu 0.70 hivi ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja, na muda huo ndio uliofanywa kipimo cha namba zote za kifuniko. Msomaji aliyeanza juu kushoto analazimika kushuka chini kulia, kisha arudi alikoanza akiwa na ufunguo.

Upande wa kulia juu mna maelezo ya picha: umbo la mawimbi ya sauti, namna ya kuyapanga kuwa mistari 512 iliyosimama wima, na mwisho wake duara. Duara hilo ndilo picha ya kwanza iliyomo ndani ya santuri. Aliyeifuata kazi sawasawa atalipata duara lililotimia, na aliyekosea vipimo atalipata limebonyea kama yai. Chini kushoto Drake ameweka ramani inayoonyesha mahali lilipo jua kwa kulinganisha na nyota 14 zenye mapigo, ziitwazo palsa. Hata madini ya urani yaliyopakwa kifunikoni yana neno la kusema, kwani nusu yake huoza katika muda wa miaka bilioni 4.51, na kwa kuyapima mpokeaji aweza kujua safari imechukua muda gani.

Anayekijua kitendawili cha Kiswahili hawezi kuwa mgeni mbele ya kifuniko hiki. Kitendawili nacho humpa msikilizaji maneno machache yaliyofichwa maana, na ndani ya maneno hayohayo humwekea dalili ya kumfikisha. Mtegaji hodari humjua mteguaji wake kabla hajafika: hukisia anachokijua, atakapopotea na atakaporudi. Hadhira ya namna hiyo imo ndani ya umbo la kazi hata kama haijaketi mkekani. Yafaa basi kutenganisha mambo mawili ambayo uhakiki umeyachanganya, yaani hadhira iliyopo na hadhira iliyomo. Hadhira iliyopo ni watu waliokusanyika mahali. Hadhira iliyomo ni yule mtu ambaye umbo la kazi limemtengea nafasi. Lile duara la kujisahihishia ni nafasi ya mtu asiyejulikana, iliyochongwa kwa uangalifu mkubwa kuliko inavyofanywa katika tamthilia nyingi zinazojisifu kwamba zinashirikisha watazamaji kwa kuwaamuru wapige makofi.

Hata hivyo mfano wa kitendawili unafichua upungufu pia. Hadhira ikishindwa kutegua, mtegaji hudai mji, hupewa, kisha hulitoa jibu. Mji ni sehemu ya sanaa yenyewe, kwa maana ndio unaomwezesha aliyeshindwa kuendelea kuwemo mchezoni. Santuri haina mji. Asiyeelewa hana wa kumpa mji wala wa kupewa naye jibu. Tena kuelewa kwenyewe hutegemea mazoea kuliko wataalamu wanavyopenda kukiri. Mwaka 1972, bamba la michoro lilipopelekwa na chombo cha Pioneer 10, mwanahistoria wa sanaa E. H. Gombrich alionya kwamba mshale uliochorwa kuonyesha njia ya chombo hauwezi kueleweka na viumbe ambao wazee wao hawakuwinda kwa upinde. Onyo hilo lilikuwa la haki, na lahusu kifuniko cha Voyager pia: kuchora kitu kimoja kwa kukitazama kutoka juu na kisha kutoka ubavuni ni desturi ya wahandisi wa dunia hii.

Pamoja na hayo, kifuniko kimekwisha kupata mteguaji. Mwaka 2017 Mmarekani mmoja aliichukua sauti iliyorekodiwa ya santuri hiyo na, kwa msaada wa kompyuta, akazitoa picha tena moja baada ya moja, duara likitangulia. Yaweza kudaiwa kwamba huko si kutegua, kwa kuwa alikuwa binadamu na alijua anachokitafuta. Dai hilo lina nguvu, lakini haliondoi ukweli kwamba hadhira ya pekee ambayo kazi hii imewahi kuipata ni ya duniani.

Zikija salamu, hukumu haina budi kubadilika. Wasemaji waliambiwa tu kwamba wanawasalimu viumbe wanaoweza kuwepo nje ya dunia, na kwamba waseme kwa ufupi. Wengi walitoa matakwa mema yasiyodai chochote. Wachache walisalimu hasa. Msemaji wa lugha ya Amoy, ya Uchina, anawauliza wasikilizaji wake kama wameshakula na kuwakaribisha wapitie wakipata nafasi. Msemaji wa Kinyanja anawauliza watu wa sayari nyingine hali zao. Hao wawili walitambua kwamba salamu ni mlango ulioachwa wazi. Lakini sehemu yote hii haina duara lake. Hakuna kinachomwonyesha msikilizaji kwamba sauti hizo ni maneno, wala kwamba lugha ni nyingi, wala kwamba zinangoja kujibiwa. Waliomfikiria kwa makini mno mtu wa kuizungusha santuri hawakumfikiria hata kidogo mtu wa kusalimiwa.

Msomaji wa jarida la lugha za Kiafrika ataitazama orodha ya lugha 55 kwa jicho lake mwenyewe. Lugha za Kiafrika za kusini mwa Sahara zilizomo ni Kiganda, Kinyanja, Kiila cha Zambia, Kisotho, na nyingine iliyoandikwa “Nguni”, ambalo ni jina la kundi la lugha wala si la lugha moja. Zote tano ni za Kibantu. Kihausa hakimo, Kiyoruba hakimo, Kiamhari hakimo. Kiswahili nacho hakimo, ilhali Kihiti na Kisumeri, zilizokufa zamani, zimepewa nafasi.

Malalamiko juu ya jambo hilo ni ya haki, ila aghalabu huelekezwa pasipo pake. Husemwa kwamba Kiswahili kilikoseshwa heshima ya kufika angani. Heshima hiyo, kama ni heshima, ilikwisha kupatikana: tarehe 12 Disemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Jina limekwenda. Kilichokosekana mwaka 1977 ni jambo jingine. Kiswahili ni lugha ambayo salamu zake zimekatwa vipande viwili na kugawiwa watu wawili. “Hujambo” inangoja “Sijambo”, “Shikamoo” haitulii bila “Marahaba”, na “Hodi” husemwa mlangoni hata mara tatu, na asipoitikiwa “Karibu” mgeni mwenye adabu huondoka. Kama kamati ingemrekodi msemaji wa kwanza na wa pili, hodi na karibu, mara moja, mbili, tatu, pengine marudio hayo yangemfundisha msikilizaji asiyejua neno kwamba sauti moja huita nyingine. Hilo lingekuwa duara la salamu. Wala halihitaji kuwa la Kiswahili peke yake, kwani lugha nyingi za Kibantu zingeweza kulitoa.

Wenye hodi hii, tena, hawasimami mlangoni. Voyager 1 ilivuka mpaka wa upepo wa jua tarehe 25 Agosti 2012, na Voyager 2 tarehe 5 Novemba 2018. Baada ya miaka 40,000 hivi ile ya kwanza itapita umbali wa miaka ya nuru 1.6 kutoka nyota Gliese 445, bila kupunguza mwendo.

Umebaki wimbo mmoja usioruhusu kupitwa. Miongoni mwa vipande 27 mna wimbo wa jando la wasichana Wambuti, uliorekodiwa na Colin Turnbull katika msitu wa Ituri, nchi ambayo wakati santuri inatengenezwa iliitwa Zaire. Huko Kingwana, ambacho ni Kiswahili cha upande huo, ndicho lugha ya mawasiliano kati ya jamii na jamii. Sauti zinapishana na kupokezana, kila moja ikiingia penye pengo la mwenzake, na haiwezekani kusema nani fanani na nani hadhira. Aliyerekodi ametajwa kwa jina. Waimbaji hawakutajwa. Wamepewa sekunde 56.