Chombo Kinachotulia Majini

Kiboko kwa Kirundi ni imvubu, na anayefika ukingoni mwa mto Ruvubu haulizi mara mbili jina limetoka wapi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, inayogusa Muyinga, viboko na mamba ndio wenye mto, na mwenye akili timamu hazami humo na kamera mkononi. Hutuma chombo: fremu ya mabomba ya plastiki, mota tatu zenye propela, kamera ndani ya kasha lisiloingia maji, na kebo ndefu ya kukiongozea kutoka nchi kavu.

Namna ya kukiunda si siri. Harry Bohm na Vickie Jensen walitoa mwaka 1997 kitabu kinachofundisha kazi hiyo kwa vifaa vya madukani, na mwaka 2012 Eric Stackpole na David Lang wa California walichangisha fedha mtandaoni kwa ajili ya OpenROV, chombo cha vipande ambavyo mnunuzi aliviunga mwenyewe nyumbani. Kuunda, basi, watu wanaunda. Kujua kama kilichoundwa kinafaa ndiko kunakotaka jicho.

Na iwe hivi: fundi redio wa Gitega ameunda kimoja, na mnunuzi amepanda basi kutoka Muyinga kuja kukikagua. Fundi ataanza na kamera, jinsi picha zake zilivyo kali. Mnunuzi mjuzi atamsikiliza kwa adabu mpaka amalize, kisha atasema, "Sawa, bwana fundi. Naomba kisu."

Kisu ni cha kebo. Mawimbi ya redio hufifia majini ndani ya umbali mfupi mno, kwa hiyo kila amri na kila picha hupita kwenye waya, na mafundi wengi huchukua waya wa mtandao wa kompyuta kwa kuwa una nyuzi nane na bei yake si kubwa. Mnunuzi anakwangua uzi mmoja. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ikitokeza rangi ya fedha, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inayozuia umeme zaidi na kukatika upesi ikikunjwa-kunjwa. Hata shaba yenyewe ina mipaka yake. Uzi wa kawaida wa waya huo una ukinzani wa omu 0.084 hivi kwa kila mita. Kebo ya mita 20, kwenda na kurudi, ni mita 40, yaani omu 3.4. Mota inayotaka ampea 3 itapoteza njiani volti 10, na betri ya volti 12 iliyobaki ukingoni itaufikishia mto volti 2. Fundi anayejua hesabu hii hupeleka mota umeme kwa waya mnene, au huiweka betri ndani ya chombo. Asiyeijua atalaumu mota. Kando ya kebo itazamwe pia kamba: chombo kikinasa kwenye mafunjo huvutwa kwa kamba, kamwe si kwa waya wa umeme.

Baada ya hapo, pipa la maji. Watu wa pwani wana neno zuri, farumi, yaani mzigo unaowekwa chini ya jahazi ili lisiyumbe. Chombo hiki nacho kina farumi yake, iwe vipande vya chuma au risasi, nayo hukaa chini huku maboya yakikaa juu. Mnunuzi anakisukuma kwa kidole upande mmoja. Kizuri huinuka mara moja na kutulia, bila kubembea kama mlevi. Kikiachwa, hupanda juu polepole sana, karibu kama kinasita. Usawa huo si urembo. Chombo chepesi kidogo hushuka kwa propela inayosukuma maji kwenda juu, hivyo tope la chini halitikiswi. Kizito lazima kisukume maji chini ili kiinuke, na tope likipanda, upigaji picha umekwisha kwa siku hiyo.

Maboya nayo yabonyezwe. Sponji laini huelea vizuri kwenye pipa lakini hufinywa na kina. Gitega iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na katika kina cha mita 9 tu shinikizo huwa limeshaongezeka maradufu. Sponji hupungua, chombo hushuka zaidi, sponji hupungua tena, na mwenye chombo hubaki ameshika kebo iliyokaza. Bomba la plastiki lililozibwa ncha zote mbili halina tabia hiyo.

Taa ndizo zinazowaumbua wengi. Msimu wa mvua Ruvubu hubeba udongo wa milimani na maji huwa ya kahawia. Anayetaka kuona kitu husubiri kiangazi cha Juni hadi Agosti, na hata hapo asitarajie maajabu. Taa iliyobandikwa jirani na lenzi hufanya majini kile ambacho taa kali za gari hufanya kwenye ukungu wa alfajiri huko milimani: humulika kilichoko kati, na picha nzima ikawa pazia jeupe. Taa nzuri husimama mbali na lenzi, kwenye mikono pande zote mbili, zikielekezwa kidogo nje. Hapa ndipo ile kamera kali ya fundi inapokosa kazi, maana katika maji ya tope itaonyesha kila chembe ya tope kwa uaminifu mkubwa.

Propela mbili za nyuma zizunguke kinyume, la sivyo chombo kitavuta upande. Hilo linapimwa kwa dakika moja.

Linalobaki halina njia ya mkato, nalo ni kuziba, au kalafati kama wasemavyo waunda majahazi. Silikoni iliyopakwa kila mahali, tabaka juu ya tabaka, ni dalili ya fundi aliyeogopa. Mfuniko mzuri hubanwa na mpira wa duara uliopakwa mafuta kidogo, uso wake safi. Unywele mmoja uliolala chini ya mpira huo unatosha kuingiza maji. Mnunuzi anachora mistari ya wino kwenye kipande cha karatasi ya chooni, anakiweka ndani ya kasha chini ya kamera, anafunga, kisha chombo kinazamishwa pipani kwa jiwe na kulala humo usiku kucha.

Asubuhi kasha linafutwa kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunguliwa, na karatasi inatolewa kwa ncha za vidole. Mistari mitatu imesimama kama ilivyochorwa. Wa nne, ulio upande wa tundu la kebo, umeanza kutanuka na kuwa samawati. Fundi analishika kasha mwangani, anautazama mfuniko, kisha anatazama kebo, na bila kusema neno anachukua bisibisi.