Tarehe Iko Kwenye Mhuri

Anayetaka kujua gavana wa Pennsylvania, kule Marekani, alifanya nini siku fulani ya karne ya 19, hufungua vitabu vya kumbukumbu ambamo makarani wa jimbo waliandika vitendo vyake siku kwa siku: nani kateuliwa, nani kasamehewa, sheria gani imetiwa saini. Anayetaka kujua Sir Donald Cameron, gavana wa Tanganyika kuanzia 1925 hadi 1931, aliamua nini siku fulani kuhusu Moshi, hana kitabu cha namna hiyo. Gazeti la Serikali litampa amri ikiwa imekwisha kuiva. Jinsi ilivyopikwa ataikuta kwenye majalada, nayo hayakupangwa kwa siku.

Jalada la Sekretarieti, ofisi kuu ya serikali Dar es Salaam, lilikuwa la jambo moja. Kahawa lake, ardhi lake, mishahara ya mangi, yaani wakuu wa Wachaga, lake. Gavana akipitia mambo sita asubuhi moja, kabla ya jioni maamuzi yake yamelala kwenye majalada sita tofauti, na siku yake haipo tena mahali popote ikiwa nzima. Mtafiti anayeitaka lazima aiunge upya, kipande kwa kipande, kwa kufuata tarehe.

Ndani ya jalada kuna mambo mawili yanayokwenda sambamba: barua zilizoingia na kutoka, kila moja na namba yake ya folio, na karatasi za madokezo. Barua humpa msomaji amri. Dokezo humwonyesha nani aliipendekeza, nani aliipinga, na nani alipuuzwa. Afisa wa chini huanza kwa maelezo marefu, Katibu Mkuu wa Serikali anaongeza aya moja, na gavana anamaliza kwa maneno machache na herufi za jina lake. Kadiri cheo kilivyopanda, ndivyo wino ulivyopungua. Pembeni kuna herufi ambazo mtu yeyote aliyewahi kukaa masjala anazijua hadi leo: P.A., yaani weka, shauri limekwisha, na B.U. yenye tarehe, yaani lilete tena siku hiyo. Mimi huanza na hizo B.U. Jalada lililoitwa tena mara nne ndilo lililokuwa likiwasumbua wakubwa, hata kama barua zake zimeandikwa kwa utulivu mkubwa.

Kisha amri ilisafiri, na hapa ndipo wengi hukosea tarehe. Majimbo yalipoundwa mwaka 1926, Moshi iliwekwa chini ya Jimbo la Kaskazini, makao yake Arusha. Reli ya moja kwa moja kati ya Dar es Salaam na njia ya Tanga haikuwapo hadi 1963. Barua iliyopanda treni Tanga ilifika Moshi kwanza, lakini mwenyewe aliyeandikiwa alikuwa Mkuu wa Jimbo. Kwa hiyo iliipita Moshi, ikaenda Arusha ikagongwa mhuri, ikanakiliwa, ndipo ikateremka kurudi kwa bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya, wa Moshi, ambako iligongwa mhuri wa pili. Uamuzi mmoja, tarehe tatu. Ukiandika kwamba Moshi iliamriwa siku gavana alipotia saini, umeshamtuhumu bwana shauri kwa kutotii amri ambayo haijamfikia.

Mwandiko nao una habari yake. Charles Dundas alikuwa bwana shauri wa Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1920, akachapisha kitabu juu ya mlima Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924, akahimiza kilimo cha kahawa cha wenyeji kilichozaa chama cha wakulima mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa rais wake wa kwanza. Chini ya Cameron, Dundas huyohuyo akawa Katibu wa Mambo ya Wenyeji, Dar es Salaam. Hoja za kuutetea mlima zilizokuwa zikipanda kama barua kutoka Moshi sasa zingeweza kushuka kama dokezo mezani pa gavana. Asiyeujua uhamisho huo atadhani makao makuu yalivutiwa na hoja za wilaya. Mwandiko ungemwonyesha kwamba huenda ni mtu mmoja tu aliyebadilisha kiti.

Watafiti wengi hukimbilia Kitabu cha Wilaya ya Moshi, kwa sababu kila kitu kimo mle: historia za koo, orodha za mangi, mila, ardhi. Nadhani kinasifiwa kupita kiasi. Ni kitabu cha kurasa zinazochomolewa na kuongezwa; kila bwana shauri alikirithi, akaongeza lake, na mara nyingine ukurasa hauna tarehe wala jina. Kinafaa kwa kujua serikali iliamini nini. Kwa kujua lini, hakifai.

Kumbukumbu ya siku iliyo nzima iko ngazi ya chini kabisa, ambako wakubwa hawakuitazamia. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 iliwapa mangi uwezo wa kutoa amri, na ile ya Mahakama za Wenyeji ya 1929 ikatengeneza upya mabaraza yao. Karani wa baraza aliandika kesi kwa tarehe, kwa Kiswahili, kwenye daftari: nani kamshitaki nani, kihamba (shamba la ukoo) kipi, ng'ombe wangapi, hukumu gani. Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore, aliyeanza utafiti wake Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rejista za namna hiyo kwa kitabu chake cha 1986 juu ya sheria za kimila za Wachaga. Karani aliyelipwa kidogo kuliko wote katika mnyororo mzima ndiye aliyeandika siku ikaandikika.

Kwa hiyo, anayechunguza tuseme ghasia za kahawa za Kilimanjaro za 1937, wakati Harold MacMichael akiwa gavana, asiishie Upanga, Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa na jalada la kahawa. Achukue karatasi, achore safu tano: saini ya gavana, mhuri wa Arusha, mhuri wa Moshi, siku mangi alipotangaza amri barazani, na siku mkulima wa kwanza alipotozwa faini kwa kuivunja. Safu nne za kwanza atazijaza kwa Kiingereza. Ya tano ataitafuta kwenye daftari la karani, na pengine atakuta faini imetangulia tangazo.