Kila Lugha na Herufi Zake

Herufi ya Kichina 骨, yenye maana ya mfupa, ina kona ndogo ndani ya sehemu yake ya juu. Kitabu kilichochapwa Beijing huiweka kona hiyo kushoto. Kilichochapwa Tokyo huiweka kulia. Kwa kompyuta, zote mbili ni herufi moja yenye namba moja, U+9AA8, kwa sababu Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake, iliziunganisha herufi za Kichina, Kijapani na Kikorea zenye asili moja. Namba haisemi msomaji ni nani. Hilo huachiwa fonti, na fonti huchaguliwa na fundi aliyekaa kuipanga kompyuta. Kazi ya fundi huyo naistahi sana.

Kwenye Linux, kazi hiyo hupitia Fontconfig, programu iliyoanzishwa na Keith Packard. Kivinjari mara nyingi hakitaji fonti kwa jina. Huomba tu sans-serif, yaani herufi zisizo na vijimkia, na kueleza lugha ya maandishi. Fontconfig husoma mafaili yake ya kanuni kwa mfuatano wa namba. Kwenye namba 50 huliita faili la mwenye kompyuta. Orodha ya fonti za Kilatini huja namba 60, za hati nyingine namba 65. Utaratibu huu una adabu: mwenye mashine husikilizwa kabla ya waliomwandalia mfumo.

Fundi hodari haanzi na urembo, huanza na mfuatano. Fonti ya Kijapani nayo ina A mpaka Z, hivyo ikitangulia, hata barua ya Kiswahili itatoka kwa herufi zilizochorwa ziendane na Kijapani. Basi huitanguliza ya Kilatini, kisha katika faili lake huandika kanuni moja moja: lugha ikiwa ja, yaani Kijapani, fonti iwe Noto Sans CJK JP; ikiwa zh-cn, yaani Kichina cha China bara, iwe Noto Sans CJK SC. Halafu hupima kwa amri `fc-match sans-serif:lang=ja`. Jibu ni mstari mmoja wenye jina la fonti. Huondoa ja akaweka ko ya Kikorea, kisha ar ya Kiarabu, kisha ur ya Kiurdu, na kila jibu hulisoma mpaka mwisho, kwani Mwarabu amezoea kusoma mtindo wa naskhi na msomaji wa Kiurdu hutaka ule wa nastaliki.

Kiswahili nacho kimo. Ukiandika `fc-list :lang=sw` utaorodheshewa fonti zinazokitosheleza, ila hesabu hiyo ni ya herufi za Kilatini pekee. Anayenakili tenzi za Lamu kwa hati ya Kiarabu anahitaji پ na چ, ambazo alfabeti ya Kiarabu haina. Fonti yake ikizikosa, kompyuta huziazima kwingine, na neno “pacha” likatoka na viraka: herufi mbili nene, zilizobaki nyembamba. Fundi akiitanguliza Amiri, fonti ya Khaled Hosny iliyofuata herufi za matbaa ya Bulaq, Cairo, neno zima hutoka kwa mkono mmoja.

Faili zima huenda lisizidi ukurasa, lakini kila kanuni ndani yake ina msomaji wake. Aliyeliandika kwa subira amekataa kuifanya hati moja kuwa ya kawaida na nyingine zote kuwa wageni. Faili la namna hiyo linastahili kutunzwa na kuhamishwa kila mashine inapobadilishwa.