Mlima Mmoja, Wachezaji Wawili

Mwaka 1971 kampuni ya Dial Press ya New York ilitoa kitabu chembamba cha picha cha kumfundisha mtoto wa Marekani kuhesabu kwa Kiswahili, kuanzia moja hadi kumi. Kinaitwa Moja Means One. Maneno yake aliyaandika Muriel Feelings, mwalimu mzaliwa wa Philadelphia aliyefundisha Uganda katika miaka ya 1960. Picha alizichora mumewe, Tom Feelings wa Brooklyn, ambaye naye alikuwa ameishi Ghana enzi za Nkrumah. Mwaka uliofuata kitabu hicho kiliingia katika orodha ya heshima ya tuzo ya Caldecott, inayotolewa Marekani kwa picha za vitabu vya watoto. Nimekirudia mara nyingi, kwa sababu nchi ya mbali inayofundishwa humo ni kwetu.

Wengi wetu tulijifunza nchi za wenzetu kwa kukariri mji mkuu, bendera na sarafu. Mtihani ukipita, vyote vinapita. Muriel Feelings alikuwa na msomaji wa miaka mitano au sita, asiye na mtihani wowote wa kumlazimisha kukariri, na alikuwa na sababu nzito ya kufanikiwa. Wakati huo Wamarekani weusi walikuwa wakikitafuta Kiswahili kama lugha ya kujitambua. Sikukuu ya Kwanzaa, iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, ilikuwa imekwisha kuingiza maneno kama umoja na kujichagulia ndani ya nyumba zao, ingawa wengi wa mababu zao walichukuliwa kutoka magharibi ya Afrika, mbali na pwani hii. Kitabu kilipaswa kumpa mtoto wa Philadelphia bara la kujivunia, wakati picha alizozizoea za Afrika zilikuwa za msitu na wanyama wakali.

Njia iliyotumika ni rahisi kuieleza. Kila namba imepewa kurasa mbili zinazotazamana. Kuna tarakimu, neno la Kiswahili, mwongozo wa matamshi na sentensi fupi ya Kiingereza. Nafasi yote iliyobaki ni ya mchoro. Moja ni Kilimanjaro. Mbili ni watu wawili wanaocheza bao, ambalo mwandishi analiita mankala. Tatu ni mibuni, nne ni kina mama waliobeba watoto mgongoni, tano ni wanyama wa mbugani. Huko mbele kuna mavazi, Mto Nile, soko na ala za muziki, hadi kumi, watoto wanaomsikiliza msimulizi wa hadithi.

Nguvu ya mpango huu imo katika kidole cha mtoto. Kuhesabu kunamlazimisha kutazama. Mzazi hawezi kufunua ukurasa kabla kidole hakijamgusa kila mama na kila mtoto aliye mgongoni, na kidole kikipita pale, jicho limekwisha kuona mbeleko ilivyofungwa na kichwa cha mtoto kilivyolala begani. Hakuna aliyemwambia kwamba sasa anajifunza utamaduni wa watu. Tom Feelings aliliunga mkono jambo hilo kwa kukataa rangi kali: kila kitu ni weusi, weupe na kijivu laini, mwanga ukitoka kwenye ngozi na nguo kama unaopenya ukungu. Penye rangi nyingi, mtoto hurukia nyekundu na kuacha mengine. Hapa hana pa kurukia, kwa hiyo anatafuta watu mmoja mmoja.

Lakini kurasa hizi hazina uzito sawa. Kilimanjaro ni moja kwa haki yake: mlima unaosimama peke yake, mita 5,895, bila safu ya milima ya kuufunika. Bao nalo linadai wawili, kwani peke yako huchezi. Pale namba na kitu ni ndugu, na mtoto akikumbuka kimoja amekumbuka cha pili. Kwenye mibuni undugu huo unakatika. Kwa nini mitatu? Ingeweza kuwa minne au tisa, na kina mama nao wangeweza kuwa watatu. Namba imekuwa kibandiko tu. Kama kitabu kingekuwa cha Ethiopia, tatu ingekuja yenyewe na kahawa hiyo hiyo: huko kahawa ya heshima humiminwa kwa mikupuo mitatu, abol, tona na baraka, na neno hilo la mwisho msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa. Mwalimu anayetaka kuiga njia ya Feelings angeanzia hapo. Kwanza atafute namba ambazo watu wa nchi ile wanaishi nazo, kisha ndipo achore. Hata bao lingeweza kumfikisha mbali zaidi ya wawili, maana bao letu lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64.

Sasa nije kwenye lugha, ambako mimi kama Mswahili nashikwa na hisia mbili. Katika kitabu namba imesimama peke yake, na sentensi ya Kiingereza chini yake. Maana yake mtoto hakutani na ngeli hata mara moja. Angalia lakini kinachotokea tukiyasema ya kwenye picha kwa Kiswahili: mlima mmoja, wachezaji wawili, mibuni mitatu, kina mama wanne, wanyama watano. Katika michoro mitano ya mwanzo namba haikubaki vilevile hata kwenye mchoro mmoja. Kisha ghafla inatulia: mavazi sita, ala tisa, watoto kumi. Sita, saba na tisa tulizipokea kutoka Kiarabu na hazikukubali kuvaa viambishi vyetu. Kumi ni ya Kibantu, nayo haikuvaa. Nane peke yake ndiyo inayorudi kwenye mchezo, vibanda vinane. Ndani ya namba kumi mna historia nzima ya lugha iliyokaa na wageni na kuwapa kiti bila kuhama nyumba.

Je, mtoto wa miaka mitano abebeshwe hayo? Hapana, na naamini Muriel Feelings alifanya sawa kuziacha namba katika umbo la kuhesabia. Ukurasa mmoja wa mwisho kwa ajili ya mzazi ungetosha. Bila huo, mtoto anaondoka akidhani kwamba lugha ya watu wengine ni ile yake iliyobadilishiwa majina, na dhana hiyo ni ngumu kuing'oa ukubwani. Kuna pengo jingine linaloniuma zaidi. Katika michoro yote kumi, hakuna bahari. Kuna mlima, mbuga na mto mkubwa wa bara, lakini hakuna jahazi, ngalawa wala mnazi, ilhali jina lenyewe la Kiswahili linatokana na neno la Kiarabu la pwani. Mwandishi alikijua Kiswahili akiwa upande wa Uganda, na kitabu kinaonyesha alikosimama. Simlaumu kwa hilo. Anayefundisha nchi ya watu hufundisha sehemu aliyoikanyaga, na ni heri aionyeshe kweli hiyo kuliko kubuni asichokijua.

Kitabu chao cha pili, Jambo Means Hello cha mwaka 1974, ni cha alfabeti: maneno 24, kwa kuwa Kiswahili hakina Q wala X. Nacho kiliingia kwenye orodha ya Caldecott, mwaka 1975. Kidole cha kuhesabu hakipo tena, hivyo mtoto anaweza kufunua haraka, lakini uteuzi wa maneno umekomaa. Arusi, chakula, heshima, rafiki, uzuri: haya ni maneno ya watu wanaoishi pamoja. Jina la kitabu ndilo linalonisumbua. Mtoto wa Kiswahili hamwambii mtu mzima "jambo". Humwambia shikamoo na kungoja marahaba. Na "hujambo" haina maana ya salamu tupu. Inauliza kama huna jambo, kama umeamka bila shida. Hilo lingekuwa somo la utamaduni lililo tayari, na limefichwa kwa kukatwa silabi moja.

Ningepewa nafasi ya kuongeza kitu kimoja tu katika kitabu cha namba, ningechagua saa. Tunasema saa moja pale jua likiwa limetimiza saa moja angani, na tunaweza kusema hivyo mwaka mzima kwa sababu ikweta inapita Kenya na Uganda, na hata Dar es Salaam urefu wa mchana hautofautiani kwa saa nzima kati ya mwezi mmoja na mwingine. Philadelphia mchana ni takriban saa 15 mwezi Juni na saa 9 na kitu mwezi Desemba. Huko saa ya kuanzia jua ingemvuruga kila mtu. Ardhi ndiyo iliyotupa desturi hii, na mtoto anaweza kuielewa kwa picha. Juma letu nalo limejaa namba, Jumamosi ikiwa ya kwanza hadi Jumatano ya tano, kisha Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni ya tano tena. Mtoto yeyote atafurahi kusikia kwamba kuna watu wenye siku mbili za tano katika juma moja.

Kurasa mbili zinatosha. Upande wa kushoto jua limepanda kidogo juu ya bahari, wavuvi wanavuta ngalawa mchangani, na watoto wenye sare wako njiani kwenda shule. Upande wa kulia ni dirisha la Philadelphia mwezi wa Desemba, asubuhi, taa bado zinawaka mtaani na mtoto anatafuta soksi zake. Mshale wa saa umesimama mahali palepale katika picha zote mbili. Chini ya picha ya kushoto iandikwe 1, na chini ya ile ya kulia iandikwe 7.