Article 360: kati ya mwongo na mwenye kudanganywa

Wasomi wenzangu, tuko na Code du numérique tangu tarehe 13 Machi 2023, lakini ni wangapi kati yetu wameisoma? Article 360 inasema kama mutu mwenye kuanzisha ao kupitisha habari ya uongo juu ya mutu mwingine kwenye mitandao anaweza kufungwa mwezi 1 mpaka 6, kulipa faranga 500 000 mpaka 1 000 000, ao vyote viwili.

Hilo neno «kupitisha» ndilo shida. Unapata ujumbe usiku, unautuma kwa groupe ya promotion, basi. Article haiulizi kama ulijua ni uongo.

Inchi zingine zilibebesha mzigo wengine. Ujerumani, sheria yao NetzDG ya 2017 ilifwata makampuni makubwa: ujumbe wenye kuvunja sheria waziwazi utolewe ndani ya saa 24 kisha malalamiko. Kampuni yenye kuzembea hiyo kazi ingeweza kulipa mpaka euro milioni 50. Ufaransa ilijaribu vile 2020, lakini Conseil constitutionnel ikakata sehemu kubwa ya ile sheria, juu kampuni yenye kuogopa faini ingefuta hata maneno halali. Kwa jirani Uganda, Januari 2023, Mahakama ya Katiba ilifuta article 25 ya sheria yao ya kompyuta sababu kosa lenyewe halikuelezwa wazi. Kumbe hakuna njia isiyo na shimo, lakini wenzetu wanakubali kuirekebisha.

Sisemi tuishi bila sheria. Hapa mashariki, audio moja ya kuchukiza kabila fulani inaweza kuchomesha nyumba. Lakini article 360 inalinda mutu mwenye kusemwa. Na kwa kawaida nani ana nguvu ya kushitaki? Si mama wa sokoni. Mwanahabari Stanis Bujakera alikamatwa Septemba 2023 juu ya makala ya Jeune Afrique, na Code du numérique ilikuwa kati ya sheria walizomshitakia. Alihukumiwa miezi 6 Machi 2024, wakati alikuwa amekwisha kukaa ndani kupita hiyo miezi.

Wenye kusoma droit kati yetu, anzeni hapo. Mukiongeza maneno mawili tu ndani ya hiyo article, «kwa kujua», tribinali itatenganisha mwongo na mwenye kudanganywa. Leo wote wawili wanaingia buloko moja.